STUPA ZA WABUDDHA: AMANI KATIKA JENGO LISILO NA MLANGO

0. Utangulizi

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua wanafunzi wetu wanapojifunza kutafsiri habari za Bara la Asia, neno stupa halikosekani. Kamusi nyingi hulieleza kwa maneno machache tu, kwamba ni jengo la ukumbusho la Wabuddha, na vitabu vya watalii huongeza kuwa ni mahali pa amani. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Jengo la ukumbusho wa nini? Na amani inayotajwa hapo ni amani gani: ile ya watu wawili waliokuwa wakigombana wakapatana, au ile ya moyo wa mtu mmoja uliotulia?

Makala haya yanakusudia kujibu maswali hayo. Tutaanza na majina ya jengo lenyewe, tutaendelea na kisa cha asili yake, tutachambua umbo lake na namna linavyotumiwa, kisha tutaangalia historia yake hadi karne ya 20, ambapo, kama msomaji atakavyoona, habari za stupa zinakutana na habari za udongo wa Katanga. Dai letu ni hili: stupa haikuzaliwa katika amani. Ilizaliwa mahali ambapo watu walikuwa tayari kupigana, na kila ilipopata maana mpya ya amani, maana hiyo ilitokana na vita.

1. Majina na yanayosemwa na majina

Katika Kisanskriti, stupa maana yake ni rundo, au kilima cha udongo kilichoinuliwa kwa mikono ya watu. Kipali, lugha ya maandiko ya Wabuddha wa kusini, husema thupa. Kabla ya Buddha, watu wa kaskazini mwa India walikuwa na desturi ya kuinua vilima vya namna hiyo juu ya mabaki ya wakuu wao. Msomaji aliyezaliwa Katanga anaweza kuanza kwa kuwaza vile vichuguu vikubwa vinavyosimama kando ya barabara zetu: stupa ya kale, kwa umbo la nje, haikuwa mbali navyo.

Neno hilo liliposafiri pamoja na dini, kila lugha ililipokea kwa namna yake au ilitafuta jina lake yenyewe. Nchini Sri Lanka watu husema dagaba, neno lililotokana na maneno mawili ya Kisanskriti: dhatu, yaani masalia matakatifu, na garbha, yaani tumbo la uzazi. Watu wa Thailand husema chedi na wale wa Burma (Myanmar) husema zedi. Majina haya mawili yametokana na neno la Kipali cetiya, kitu kinachostahili heshima kwa sababu ya kumbukumbu iliyomo. Watibeti husema chorten, yaani tegemeo la sadaka. Minara ya ghorofa nyingi ya China na Japani, ambayo Wazungu waliizoea kwa jina la pagoda, nayo pia ni uzao wa stupa, ingawa umbo limebadilika mno.

Tukiyapanga majina hayo tunapata rundo, tumbo la uzazi, kumbukumbu na tegemeo la sadaka. Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna hata jina moja la kale lenye maana ya amani. Basi amani iliingia kwa njia gani? Hatuwezi kuipata katika kamusi. Tunapaswa kuitafuta katika kisa.

2. Ugomvi wa Kusinara

Kisa hicho kimo katika Mahaparinibbana Sutta, andiko la Kipali linaloeleza siku za mwisho za Buddha. Inasimuliwa kwamba alifariki akiwa na umri wa miaka 80 huko Kusinara, mji mdogo wa watu wa kabila la Malla, ambao leo huitwa Kushinagar, kaskazini mwa India. Wataalamu huweka kifo hicho kati ya karne ya 5 na ya 4 K.K. Mwili ulipokwisha kuchomwa, Wamalla walichukua mifupa iliyosalia, wakaiweka katika ukumbi wao, wakauzungushia mikuki na pinde.

Haukupita muda, wajumbe wakafika. Mfalme Ajatasattu wa Magadha alidai fungu lake. Wasakya, ambao walikuwa ndugu wa Buddha, walidai lao. Wengine nao wakaja. Kila mmoja alikuwa na hoja yake ya haki. Wamalla wakajibu kwamba Mwalimu amefia katika nchi yao na hawatatoa kitu. Hapo ndipo aliposimama mzee mmoja Mbrahmani aitwaye Dona, akawakumbusha kwamba aliyefariki alikuwa mwalimu wa uvumilivu, na kwamba haifai damu imwagike kwa sababu ya mifupa yake. Walikubali shauri lake. Dona akayagawa masalia mafungu manane yaliyo sawa. Yeye mwenyewe aliomba mtungi uliotumika kupimia, na Wamoriya waliochelewa kufika wakapewa makaa ya moto uliozimika. Kila upande ukaenda kujenga kwao. Ndivyo zilivyopatikana stupa kumi za kwanza: nane za masalia, moja ya mtungi na moja ya makaa.

Tuupime uzito wa kisa hiki. Stupa za kwanza, kwa mujibu wa mapokeo yenyewe, ni matokeo ya suluhu. Kila moja ilikuwa ushahidi kwamba mtu fulani alikubali kupata sehemu badala ya yote. Aliyeikaribia stupa ya Magadha alijua kwamba ipo nyingine kwa Wasakya, na nyingine kwa Wamalla, na kwamba hakuna iliyo kamili peke yake. Nasi tunaojua jinsi mabaraza ya wazee yanavyosuluhisha mirathi hatuoni ugeni katika jambo hili: anayegawa vizuri huchukua chombo kitupu, na kila mmoja hurudi nyumbani na kitu mkononi.

Andiko hilohilo lina agizo jingine la kuzingatiwa. Buddha anamwambia mwanafunzi wake Ananda kwamba stupa ijengwe penye njia panda, mahali ambapo kila mpita njia atapita. Haikukusudiwa kufichwa msituni kwa ajili ya watawa peke yao.

3. Umbo la jengo na mwendo wa mtu

Mfano ulio bora wa stupa ya kale ni Stupa Kuu ya Sanchi, katikati mwa India. Ilianzishwa wakati wa Mfalme Ashoka katika karne ya 3 K.K., ikakuzwa katika karne ya 2 K.K., na malango yake manne ya mawe yaliyochongwa yaliongezwa katika karne ya 1 K.K. Upana wake ni mita 36 na zaidi, na kimo chake ni kama mita 16. UNESCO iliandikisha Sanchi katika Urithi wa Dunia mwaka 1989.

Sehemu zake ni hizi. Chini kuna jukwaa la mviringo. Juu ya jukwaa kuna kuba nzito iitwayo anda, yaani yai. Juu ya yai kuna uzio mdogo wa mraba, na katikati ya uzio huo husimama mlingoti wenye miavuli mitatu ya mawe. Mwavuli katika India ya kale ulikuwa alama ya mfalme. Hapa unamfunika mtu aliyeuacha ufalme. Kuizunguka stupa yote kuna uzio mkubwa wa mawe unaotenga njia ya kupita kwa miguu.

Tuangalie jambo ambalo mgeni huligundua mara moja: stupa haina mlango. Kanisa huingiwa, msikiti huingiwa, hekalu la Kihindu huingiwa. Stupa imejaa udongo, mawe na matofali kutoka chini hadi juu. Masalia yamefungiwa ndani, nayo hayaonekani. Hata katika michoro ya malango ya Sanchi, Buddha hakuchongwa kwa sura ya binadamu. Yupo kwa nyayo zake, kwa gurudumu, kwa mti na kwa kiti kisichokaliwa na mtu. Katikati ya yote pana mtu asiyekuwapo.

Basi mwumini hufanya nini mbele ya jengo lisiloingilika? Huzunguka. Huanza upande wa mashariki, akatembea akiliweka jengo mkono wake wa kulia, kama jua linavyoonekana kuzunguka huko kaskazini. Ibada hiyo huitwa pradakshina. Mwenye haraka hulazimika kupunguza hatua, kwa sababu njia ya duara haina mwisho wa kukimbilia. Anayezunguka hana aliye mbele yake kwa cheo wala aliye nyuma yake, maana katika duara hakuna wa kwanza. Huko Boudhanath, mjini Kathmandu, watawa, wachuuzi, vikongwe na watoto huzunguka pamoja kila jioni, chini ya macho makubwa yaliyochorwa pande nne za mnara. Tetemeko la ardhi la Aprili 2015 liliiharibu sehemu ya juu ya stupa hiyo. Ilitengenezwa upya na kufunguliwa Novemba 2016.

4. Amani, utulivu, kimya: tatizo la tafsiri

Hapa mwanaisimu anapaswa kusimama kidogo. Neno letu amani limetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa imani, amana, amini na mwaminifu. Kiini chake ni usalama unaotokana na kuaminiana: nina amani kwa sababu sina hofu nawe. Ni neno la watu wawili au zaidi.

Neno la Kisanskriti shanti lina chimbuko tofauti. Mzizi wake una maana ya kutulia, kunyamaza, kukoma. Moto ukizimika, upepo ukiacha kuvuma, hasira ikiisha, kitenzi ni hichohicho. Linakaribia zaidi utulivu, au lile neno kimya ambalo watu wa Lubumbashi hulitumia si kwa ukosefu wa kelele tu bali pia kwa hali ya kuishi bila fujo, kama vile wasemaji wa Lingala wasemavyo kimia. Nirvana nayo ni kuzimika: kuzimika kwa mioto mitatu ambayo Ubuddha huitaja kuwa ndiyo inayomuunguza binadamu, yaani tamaa, chuki na upumbavu.

Lipo neno la tatu, ambalo ndilo hasa linalotumiwa na maandiko kuhusu stupa. Ni pasada. Mahaparinibbana Sutta inafundisha kwamba watu wengi watakapoiona stupa mioyo yao itapata pasada, na kwa sababu hiyo watakuwa na heri. Pasada ni utulivu, lakini pia ni uangavu, na pia ni imani. Ni hali ya maji yaliyokuwa na tope, yakaachwa bila kuguswa mpaka tope likazama na kina kikaonekana. Hatuna neno moja la Kiswahili linalobeba mambo hayo matatu kwa pamoja. Hata hivyo, mfasiri atakumbuka kwamba katika lugha yetu pia amani na imani ni watoto wa mzizi mmoja, na kwamba tunasema mtu ana moyo mweupe tunapotaka kusema hana kinyongo. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika tafsiri, shanti iandikwe utulivu pale inapohusu moyo, na amani pale inapohusu watu na mataifa, na kwamba mfasiri asisahau kwamba kwa Mbuddha amani ya pili haipatikani bila utulivu wa kwanza.

5. Ashoka na uwanja wa Kalinga

Aliyeieneza stupa India nzima ni Ashoka, mfalme wa ukoo wa Maurya. Yapata mwaka 261 K.K. aliishambulia Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki ambayo leo ni sehemu ya jimbo la Odisha. Tunajua yaliyotokea kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa aliamuru yachongwe kwenye miamba: watu 150,000 walihamishwa kwa nguvu, 100,000 waliuawa, na wengine wengi zaidi wakafa. Katika tangazo hilo, ambalo huitwa la 13, mfalme mshindi anatangaza majuto yake. Mapokeo husema kwamba baadaye alifungua stupa za kale, akayagawa masalia tena na kujenga stupa 84,000. Idadi hiyo ni ya kimapokeo; lakini kwamba alijenga na kukuza stupa nyingi, mawe yenyewe yanashuhudia.

Jambo moja halisemwi mara nyingi. Matangazo ya Ashoka yalichongwa pia huko Dhauli, ndani ya Kalinga yenyewe. Lakini kwenye mwamba wa Dhauli tangazo la majuto halimo. Mahali pake pamewekwa matangazo mengine, ambamo mfalme anawaagiza maofisa wake wawatendee watu kwa haki na kusema kwamba watu wote ni watoto wake. Waliofiwa hawakusomewa idadi ya maiti zao. Je, ilikuwa aibu, au ilikuwa busara ya mtawala asiyetaka kuchokonoa kidonda? Mwamba hautoi jibu. Ila unatufundisha kwamba kumbukumbu ya amani huweza kuwa na pengo ndani yake, na kwamba ni vema kuuliza nani aliandika na nani alikusudiwa kusoma.

6. Stupa hailindi kwa jina lake tu

Haifai kumwachia msomaji dhana kwamba penye stupa hapapiganwi. Katika mji wa Anuradhapura, Sri Lanka, ipo Ruwanwelisaya, dagaba kubwa nyeupe iliyojengwa na Mfalme Dutugemunu katika karne ya 2 K.K. baada ya kumshinda mfalme Mtamil, Elara. Mahavamsa, tarehe iliyoandikwa kwa Kipali yapata karne ya 5 B.K., inasimulia kwamba mfalme hakuweza kufurahia ushindi kwa kuwakumbuka maelfu waliouawa. Watawa wakamfariji kwa kumwambia kwamba kati ya hao waliostahili kuhesabiwa kuwa watu ni mmoja na nusu tu, kwa kuwa wengine hawakuwa waumini. Maneno hayo ni kinyume cha yale ya Dona. Hata hivyo, tarehe hiyohiyo inasema kwamba mfalme aliamuru kaburi la Elara liheshimiwe. Mambo yote mawili yamo katika kitabu kimoja, na kila kizazi huchagua lipi la kukumbuka. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Sri Lanka, kati ya 1983 na 2009, mji huohuo ulimwagika damu: Mei 1985 wapiganaji wa Tamil Tigers waliwaua raia zaidi ya 100, wakiwamo waliokuwa wakisali karibu na mti mtakatifu wa Bodhi.

Mfano mwingine ni Borobudur, kisiwani Java, jengo la yapata mwaka 800 B.K. ambalo ni kama mlima wa stupa: juu yake kuna stupa 72 zenye matundu, zilizopangwa katika duara tatu za 32, 24 na 16, kila moja ikiwa na sanamu ya Buddha ndani. Lilikarabatiwa kwa msaada wa UNESCO na kufunguliwa mwaka 1983. Tarehe 21 Januari 1985 mabomu yalilipuka na kuharibu stupa tisa. Serikali ya Indonesia, nchi ambayo wengi wa wananchi wake ni Waislamu, ilizitengeneza tena. Katika utengenezaji huo tunaona roho ya Dona kuliko katika hotuba nyingi: watu wanatunza kitu kitakatifu cha wengine kwa sababu wamekipokea kama amana.

7. Kutoka Shinkolobwe hadi Hiroshima

Tunafika mahali ambapo habari hizi zinatuhusu sisi wenyewe. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliteketezwa kwa bomu la urani, na siku tatu baadaye Nagasaki ikafuata. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika mradi wao wa siri ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika machimbo ya Union Minière. Watu waliolichimba na kulibeba jiwe hilo hawakuambiwa linakwenda kufanya kazi gani.

Siku ile ya Agosti, mtawa mmoja wa Japani, Nichidatsu Fujii, alikuwa anatimiza miaka 60 kamili, kwa kuwa alizaliwa tarehe 6 Agosti 1885. Alikuwa mwanzilishi wa jumuiya ya Nipponzan-Myohoji, na katika miaka ya 1930 alikuwa amekutana na Gandhi huko India. Baada ya vita alianza kujenga stupa za aina mpya, zisizokuwa na lengo jingine ila kuomba silaha ziachwe. Ya kwanza ilizinduliwa Kumamoto mwaka 1954. Hiroshima ilipata yake mwaka 1966, juu ya kilima cha Futaba. Nyingine zikafuata: Rajgir nchini India mwaka 1969, Dhauli, juu ya uwanja uleule wa Kalinga, mwaka 1972, London, kando ya mto Thames, mwaka 1985, Leh katika Ladakh mwaka 1991, Lumbini, alikozaliwa Buddha, mwaka 2001.

Mwanaisimu atapenda kujua kwamba jina la majengo haya si moja. Wajapani huyaita bussharito, yaani mnara wa masalia ya Buddha. Ni katika India na katika lugha za Ulaya ndimo yalimoitwa stupa za amani ya ulimwengu. Neno amani, ambalo hatukulipata katika majina yote ya kale, sasa limeandikwa wazi juu ya jengo. Nalo limeandikwa baada ya Hiroshima. Ni kana kwamba hapo awali haikuwa lazima kulitamka.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba stupa ni rundo la udongo lililofunika masalia. Kwamba asili yake, kwa mujibu wa mapokeo, ni ugomvi uliosuluhishwa kwa kugawana sawa. Kwamba umbo lake lisilo na mlango humfanya mtu azunguke badala ya kumiliki. Na kwamba utulivu unaotafutwa hapo ni ule wa maji yanayoachwa mpaka tope lizame. Tumeona pia kwamba jengo lenyewe halizuii upanga, na kwamba majuto ya wafalme huweza kuandikwa mbali na wale waliowakosea.

Kwa nchi ambayo tangu 1996 imezijua vita na mikataba mingi ya amani, somo hili si la kigeni. Mapatano husainiwa kwa neno la amani, yaani kuaminiana. Lakini mara nyingi hukosekana ile shanti, kuzimika kwa tamaa ya mali na chuki, na hukosekana Dona wa kugawa bila kujipendelea. Shinkolobwe kwenyewe, jiwe lilikotoka, wachimbaji wale hawajulikani kama wanavyojulikana wafu wa Hiroshima. Wanafunzi wetu wenye wazee Likasi na vijiji vya jirani wangefanya kazi ya maana kwa kwenda kuwauliza na kuyaandika majina hayo kwa Kiswahili, lugha ambayo wachimbaji wengi waliisema. Hilo nalo lingekuwa rundo la kumbukumbu, nalo lingefaa kuwekwa penye njia panda.